Vumbi la breki kwenye rimu za Subaru STI: kulisoma, kuliosha na kulipunguza

Osha STI yako Jumamosi, ipeleke kazini wiki nzima kwenye foleni ya Thika Road au ya Barabara ya Bagamoyo, na kufikia Ijumaa rimu za mbele zimeshageuka kijivu cha masizi huku za nyuma zikiwa na nafuu. Mara nyingi gari halina ubovu wowote. Kalipa (vibanio vinavyosukuma pedi kwenye diski) za Brembo zinazokuja na Impreza WRX STI zina pistoni nne kwa kila gurudumu la mbele na mbili kwa kila la nyuma. Diski ni za chuma cha kusubu, kipenyo milimita 326 mbele na 316 nyuma, na pedi zake zimetengenezwa ili gari lisimame, si ili rimu zing'ae. Kazi yako ni kujua vumbi lipi ni la kawaida, lipi linatokana na kasoro, na unaweza kulipunguza kiasi gani bila kupoteza breki.

Vipimo hivyo ni vya STI zenye Brembo zilizotoka kabla Subaru haijaweka kalipa kubwa zaidi za pistoni sita kwenye modeli ya 2018, yaani nyingi ya zile zinazoshushwa Mombasa na Dar es Salaam zikiwa zimetumika Japani. Mwenye Lancer Evolution au BMW M3 anaweza kufuata mwongozo huu vilevile, ila akague vipimo vya gari lake kabla ya kununua spea au kukaza nati.

Vumbi hilo linatoka wapi

Watu wengi hudhani ni pedi peke yake inayolika. Diski nayo inalika, na sehemu kubwa ya weusi unaouona ni chembe za chuma kutoka kwenye diski na kwenye pedi zenyewe, zikichanganyika na grafiti, gundi iliyoungua na, kwenye pedi nyingi za zamani, shaba. Chembe hizi zinaruka zikiwa za moto na kutua kwenye klia ya rimu, yaani lile tabaka la juu linaloonyesha ng'ambo. Zikikaa kavu, maji na sabuni vinaziondoa. Zikipata unyevu zinaanza kutu palepale zilipokaa, na kutu inapovimba inajichimbia ndani ya klia. Ndiyo madoa madogo ya rangi ya chungwa yasiyotoka kwa sponji. Mombasa, Tanga, Dar na Unguja, kwenye chumvi na unyevu wa bahari, hatua hiyo inakuja haraka kuliko Nairobi au Arusha, kwa hiyo mtu wa pwani asiache rimu zipite wiki mbili bila kuoshwa.

Mbele huchafuka zaidi kwa sababu ukikanyaga breki uzito wa gari unaegemea mbele, na breki za mbele ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi. Pedi nazo zinatofautiana. Magari mengi ya kawaida ya Japani hutoka kiwandani na pedi zisizo na nyuzi za chuma, zenye vumbi kidogo. Magari ya Ulaya hutumia pedi zenye chuma kiasi, zinazoshika vizuri kwenye mwendo mkubwa lakini zinatafuna diski. Hapo ndipo utaona Golf imechafuka kwa siku tatu na Corolla ya jirani bado safi. STI, ingawa ni ya Japani, iko karibu zaidi na kundi la Ulaya kwa sababu ya mwendo na uzito wa kazi iliyotengenezewa.

Soma rimu kabla ya kuitia maji

Usianze na ndoo. Zunguka gari likiwa chafu na linganisha rimu mbili za mbele, kisha mbili za nyuma. Kushoto na kulia zinatakiwa kulingana. Rimu moja ikiwa nyeusi waziwazi kuliko mwenzake, breki ya upande huo inabana muda wote, au ya upande mwingine haifanyi kazi. Hilo halitibiwi kwa sabuni.

Rangi nayo inaeleza mengi. Kijivu cheusi, kikavu, kinachofutika kwa kidole ni vumbi la kawaida. Kijivu cheupe ni pedi za seramiki. Weusi wenye unyevu au unaonata, hasa uliotawanyika kwa mistari kutoka katikati kwenda nje, ni grisi ya buti la CV (mpira unaofunika kiungo cha ekseli) lililochanika au mafuta ya breki yanayovuja. Pangusa kidogo kwa kitambaa cheupe. Grisi itaacha doa zito lenye utelezi. Mafuta ya breki ni mepesi na yanaosheka kwa maji. Ukiona mafuta ya breki, gari lisiondoke hapo lilipo mpaka fundi alione.

Kupima breki inayobana, endesha dakika kumi na tano kwenye barabara isiyo na foleni ukigusa breki kidogo iwezekanavyo, usimame taratibu kwa gia, kisha pima joto la diski kwa kipimajoto cha miale. Kile cha kupimia homa kilichoenea wakati wa Uviko hakifai, kwani kinaishia nyuzi 40 na kitu. Tafuta cha gereji kinachofika angalau 300. Pima sehemu ileile pande zote mbili, na ni bora upime pale katikati ya diski penye kutu kidogo kuliko kwenye uso unaong'aa, maana uso unaong'aa hudanganya kipimo kwa kushusha namba. Tofauti ya nyuzi 20 hadi 30 kati ya kushoto na kulia inatosha kukufanya ufungue gurudumu.

Uthibitisho wa pili ni kuzungusha gurudumu kwa mkono. STI ni foo-wili yenye difu za kukaza, kwa hiyo ukipandisha gurudumu moja tu kwa jeki litakuwa zito hata breki zikiwa nzima. Weka gari lote juu ya stendi nne, gia iwe fri, handibreki iwe chini, kisha linganisha. Mguso mwepesi wa pedi kwenye diski ni wa kawaida. Kukwama si kawaida.

Kalipa hizi za Brembo hazitelezi kwenye pini kama za Corolla, zimefungwa imara. Zikibana, chanzo huwa ni kimoja kati ya vitatu. Cha kwanza, na ndicho tunachokikuta mara nyingi, ni masikio ya pedi kukwama kwenye njia zake kwa sababu ya kutu, vumbi lililogandamana, au rangi. Kalipa zilizopakwa rangi upya bila kuzibwa njia za pedi huwa na tabaka linalozuia pedi kurudi. Cha pili ni pistoni iliyokwama baada ya mpira wake wa vumbi kuchanika. Cha tatu ni hosi ya mpira iliyovimba ndani, inayopitisha mafuta kwenda lakini haiyarudishi. Kuvitenganisha, gurudumu likiwa limekaza, legeza niplo ya kutolea hewa kidogo. Likilegea papo hapo, presha ilikuwa imenaswa, shuku hosi kwanza. Lisipolegea, ni pistoni au pedi. Baada ya jaribio hilo breki itolewe hewa upya.

Na kabla ya yote hayo angalia handibreki. Kwenye STI handibreki ni viatu vidogo ndani ya kengele ya diski ya nyuma, na ikikazwa kupita kiasi inachoma diski hizo kutoka ndani.

Jua rimu yako imepakwa nini

Dawa inayofaa rimu moja huharibu nyingine. Chukua kitambaa cheupe, tia tone la polishi ya gari, na sugua sehemu iliyojificha nyuma ya spoki. Kitambaa kikiwa cheusi, hiyo ni alumini tupu isiyo na klia. Kikibaki safi au kikipata rangi ya rimu, imepakwa rangi au klia. Rimu nyingi za STI, zikiwemo za dhahabu, zimepakwa. Alumini tupu, rimu zilizopakwa kwa umeme na zile za kromu haziwezi kuvumilia dawa ya asidi wala ya magadi makali.

Tazama pia klia yenyewe. Ikiwa imepasuka na kuinuka kama ganda kando ya mikwaruzo ya kerbi, maji na chumvi vimeshaingia chini yake. Kusafisha hakutairudisha. Hiyo inahitaji kuchunwa na kupakwa upya.

Vifaa

Sabuni ya rimu isiyo na asidi wala magadi, yaani yenye pH karibu na 7. Dawa ya kuyeyusha chuma, ile inayogeuka zambarau ikigusa chembe za chuma. Hesabu mililita 60 hadi 80 kwa rimu ya inchi 17 au 18, uso na ndani, hivyo chupa ya nusu lita inatosha gari zima na inabaki kidogo. Brashi tatu: pana laini ya uso, ndefu ya kuingia ndani ya pipa la rimu, na ndogo ya matundu ya nati. Ndoo mbili za lita 10, moja ya shampuu ya gari kwa kipimo cha chupa, kawaida mililita 20 hadi 30, na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia brashi. Vitambaa vya nyuzi ndogo ambavyo havitarudi tena kwenye bodi. Glavu za nitrili na barakoa.

Ndoo na vitambaa vya rimu vitengwe kabisa na vya bodi. Chembe za chuma zikibaki kwenye sponji na ukaipeleka kwenye boneti, utaona mikwaruzo ya mviringo jua likipiga.

Usitumie kompresa kupuliza vumbi la breki. Chembe ni ndogo mno, zinaelea hewani na kuingia mapafuni, na kwenye pedi za bei ya chini zisizo na maandishi yoyote usidhani kwamba asbestosi haimo. Maji kwanza, siku zote.

Kuosha, rimu moja baada ya nyingine

1. Subiri rimu zipoe mpaka uweze kuweka kiganja bila kukitoa. Dawa ikipigwa kwenye rimu ya moto inakauka kabla ya kufanya kazi na kuacha alama zisizotoka. Maji baridi kwenye diski yenye moto mkali nayo yanaweza kuipinda. Fanya kazi kivulini.

2. Piga maji mengi, uso, nyuma ya spoki na ndani ya pipa. Ukitumia mashine ya presha, weka mdomo wake umbali wa sentimita 30 na usiulenge moja kwa moja kwenye mipira ya pistoni wala ubavu wa tairi. Hatua hii peke yake inaondoa sehemu kubwa ya vumbi ambalo halijashika.

3. Pulizia sabuni ya rimu, ngoja dakika mbili, kisha sugua kuanzia ndani ya pipa kuja nje. Ndani kukiachwa chafu, mvua ya kwanza itaumwaga uchafu ule usoni. Suuza brashi kwenye ndoo ya maji matupu kila baada ya spoki mbili.

4. Suuza. Kama baada ya hapo ukipitisha kidole unahisi ukwaruaji kama wa msasa mwembamba, chuma kimeshashika. Pulizia dawa ya kuyeyusha chuma kwenye rimu iliyokauka kidogo, si iliyojaa maji, maana maji yanaipunguzia nguvu. Ndani ya dakika moja utaona michirizi ya zambarau ikishuka kutoka kwenye pembe za spoki. Ngoja dakika tatu hadi tano, na kwa joto la Dar au Mombasa usizidishe tatu. Isikauke. Harufu yake ni kali, ya yai bovu, fanya kazi mahali penye hewa.

5. Sugua kidogo kwa brashi laini, kisha suuza kwa maji mengi zaidi ya unayodhani yanatosha, pamoja na kalipa na matundu ya nati. Rangi ya zambarau ikitokea tena kwa nguvu kwenye mpigo wa pili, rudia mara moja. Ikiwa madoa yamebaki baada ya mara mbili, yameingia ndani ya klia. Tumia udongo wa kusafishia rangi pamoja na shampuu kama kilainishi, kwa mkono mwepesi.

6. Lami ya barabarani haiyeyuki kwa dawa ya chuma. Tumia dawa ya lami au mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, uifute mara moja na uoshe kwa shampuu. Mafuta ya taa yasiguse diski wala pedi.

7. Kausha kwa kitambaa, kisha endesha mita mia chache ukigusa breki kwa upole mara tano au sita. Diski zilizolowa zinapata kutu nyepesi ndani ya saa chache, na gari likilazwa zikiwa na maji pedi zinaweza kunata kwenye diski. Asubuhi utasikia mlio wa kubanduka, na kutu hiyo ndiyo itakayokuwa vumbi lako jipya la kwanza.

Dawa ya chuma si ya kila wiki. Mara moja kila miezi miwili au mitatu inatosha, na katikati ya hapo sabuni ya kawaida ifanye kazi.

Kuhusu asidi tunasema wazi. Sehemu nyingi za kuoshea magari zina chupa isiyo na lebo ya kung'arisha rimu kwa sekunde kumi, na pengine ni dawa ileile ya kusafishia choo. Inang'arisha kweli, kwa sababu inakula. Asidi inapenya kwenye mkwaruzo mdogo wowote wa klia, inaacha alumini ikiwa na ukungu mweupe usiofutika, inatia kutu kwenye diski na nati, na kwenye niplo za kalipa. Zile zenye floridi ni hatari kwa mtu: zinapita kwenye ngozi bila maumivu makali mwanzoni na kuumiza mpaka ndani. Ukipeleka gari kuoshwa, beba sabuni yako na mwambie kijana anayeosha kabla hajaanza. Sabuni ya unga ya kufulia nayo iache kwenye nguo. Inaondoa nta yote na magadi yake yanafifisha alumini tupu.

Kupaka kinga ili vumbi lisishike

Kinga haipunguzi vumbi hata punje. Inachofanya ni kulizuia lisijishike, ili wiki ijayo utumie maji ya presha na shampuu tu. Nta ya kawaida ya bodi inayeyuka kwenye joto la rimu na haidumu. Tumia kinga ya maji ya rimu inayodumu miezi michache, au koti la seramiki linalodumu mwaka au zaidi likipakwa vizuri.

Kulipaka vizuri kunamaanisha kutoa magurudumu. Maandalizi ndiyo kazi yenyewe: osha kama ilivyoelezwa, ondoa lami, pitisha udongo, kausha saa nzima, kisha futa rimu yote kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Mafuta yoyote yakibaki, koti litabanduka na vumbi litaingia chini yake. Tia matone machache kwenye kipande cha suedi, paka eneo la kiganja kimoja kwa njia ya msalaba, anza na pipa la ndani. Chupa inaweza kusema usubiri dakika mbili kabla ya kufuta. Kwa nyuzi joto 30 na zaidi, koti linaanza kukauka chini ya dakika moja. Angalia uso: ukiona limeanza kutoa rangi za upinde wa mvua, lifute hapo hapo. Likikauka kabla hujalifuta utalazimika kulisugua kwa polishi na kuanza upya. Mililita 10 hadi 15 zinatosha rimu nne. Zisiguse maji kwa saa 12, wala dawa yoyote kwa wiki nzima.

Kubadili pedi

Hapa ndipo vumbi linapopungua kweli, na ndipo pa kufikiri zaidi. Pedi za seramiki hutoa vumbi kidogo, la rangi hafifu, na hazitafuni diski sana. Kwa gari la kwenda kazini na safari za kawaida ni chaguo zuri. Lakini nyingi hazishiki kwa ukali uleule mguso wa kwanza, na zile za mjini zinapungua nguvu mapema kwenye joto kubwa. Anayeshuka Kitonga au mteremko wa Mai Mahiu kwa kasi, au anayepeleka gari kwenye mashindano ya mwishoni mwa wiki, abaki na pedi zenye chuma na akubali kuosha. Rimu chafu inaoshwa. Kanyagio lililozama katikati ya mteremko halina dawa.

Ukiwa dukani, Kirinyaga Road au Kariakoo, geuza pedi usome ukingo wake. Kwenye nyingi utakuta herufi mbili zinazofuatana kama EE, FF au GG. Ya kwanza ni msuguano wa joto la kawaida, ya pili ni pedi ikiwa moto. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa STI usishuke chini ya FF. Pedi yenye FE inapoteza nguvu ikipata moto, irudishe. Herufi hizi hazisemi lolote kuhusu vumbi wala maisha ya pedi, kwa hilo utategemea aina yake. Ukiona pia alama ya majani matatu yenye N, maana yake shaba iko chini ya asilimia 0.5. Alama hiyo ilizaliwa na sheria za California na Washington za mwaka 2010 za kulinda maji ya mito na bahari. Pedi isiyo na maandishi yoyote usiinunue.

Badili kwa jozi ya ekseli, mbele zote mbili au nyuma zote mbili. Kikomo chetu ni milimita 3 za sehemu ya pedi inayosugua diski. Unene mdogo wa diski umechongwa kwenye diski yenyewe, upime kwa kalipa ya kupimia kabla ya kununua pedi.

Legeza nati za gurudumu kwa soketi ya 19 gari likiwa chini, kisha pandisha na uweke stendi. Jeki peke yake haitoshi. Gonga pini mbili za pedi kwa panchi kutoka upande wa nje kuelekea ndani ya gari, huku umeshika springi ya katikati kwa kiganja, kwani hufyatuka. Toa pedi moja tu kwanza. Ukitoa zote mbili na kusukuma pistoni za upande mmoja, za upande wa pili zitatoka nje. Fungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki, zungushia kitambaa maana mafuta hayo yanakula rangi, na sukuma pistoni polepole ukiangalia yasifurike. Safisha njia za masikio ya pedi kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, paka grisi ya seramiki nyembamba kwenye masikio na migongo tu, ingiza pedi mpya, kisha hamia ya pili. Rudisha pini, kaza nati kwa msalaba, Nm 100 hadi 120 kwa STI nyingi, ila kitabu cha gari ndicho cha mwisho. Kisha, kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyaga breki mara nyingi mpaka kanyagio liwe gumu. Anayesahau hili atagundua akiwa ameshaanza kurudi nyuma kutoka gereji.

Unapohama kutoka aina moja ya pedi kwenda nyingine, diski bado ina tabaka la pedi za zamani. Isugue kwa msasa namba 120 pande zote mbili, ifute kwa dawa ya breki, au ipelekwe kuchongwa ikiwa unene unaruhusu. Diski yenye mifereji inasaga pedi mpya kama tupa, na vumbi litakuwa lilelile ulilolikimbia.

Kisha zifundishe pedi. Kwenye barabara tupu, punguza kutoka kilomita 60 hadi 10 kwa saa mara nane hadi kumi, kwa nguvu ya kati, ukipumzika nusu dakika kati ya mguso na mguso, bila kusimama kabisa. Halafu endesha dakika kumi bila kugusa breki ili zipoe. Ukisimama ukiwa umekanyaga breki zikiwa moto, pedi itaacha muhuri kwenye diski na usukani utaanza kutetemeka. Vumbi la ziada kwenye kilomita 300 za kwanza ni la kawaida, usihukumu pedi kabla ya hapo.

Vitu vya kuviacha dukani

Sahani za bati au plastiki zinazowekwa kati ya rimu na breki huzuia vumbi, na huzuia hewa pia. Kwenye gari la mwendo joto linabaki ndani, mafuta ya breki yanachemka. Diski zenye matundu na mifereji zinapendwa kwa sura, lakini kingo zake zinakwangua pedi kila mzunguko na vumbi linaongezeka. Diski laini ya ubora mzuri inafaa zaidi mtaani.

Porsche ilichukua njia nyingine: mwaka 2017 ilitoa kwenye Cayenne diski za chuma zilizofunikwa kwa tungsteni kabidi, ngumu kiasi kwamba ilithubutu kupaka kalipa zake rangi nyeupe. Kwa STI bado tuko kwenye chuma cha kusubu, kwa hiyo baada ya kilomita 300 za pedi mpya osha rimu zote nne siku moja, endesha wiki nzima kama kawaida, kisha linganisha tena kushoto na kulia kabla hujaleta ndoo.